Pikapu mpya za gitaa la besi: kabla hujatoa laki mbili na nusu

*"Shikamoo fundi. Nina gitaa la besi la nyuzi nne, muundo wa Jazz Bass, nililinunua kwa mtu likiwa limeshatumika. Napiga kanisani kila Jumapili na mara mojamoja kwenye harusi. Shida zangu ni mbili. Kwanza linavuma: nikifungua nobu zote mbili za sauti mpaka mwisho linatulia, nikipunguza mojawapo tu mvumo unaanza. Kwa hiyo naziacha zote mwisho. Pili, nikiwa peke yangu chumbani lina sauti nzuri, lakini bendi ikianza, hasa tukiingia kwenye sebene, silisikii tena. Waumini wanasema wanasikia ngurumo tu. Kanisani nachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Fundi mmoja alipima pikapu zangu akakuta kilo-omu 7.4 na 7.7, akasema ni dhaifu, ninunue za seramiki zenye 13. Rafiki yangu anasema sumaku za alniko ndizo zenye sauti, na mwingine anasema niweke za betri nimalize kazi. Nina laki mbili na nusu. Ninunue zipi? Na je, naweza kuweka pikapu ya Precision badala yake?"*

Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja: fedha hiyo isianzie kwenye pikapu, vile viboksi vyeusi chini ya nyuzi vinavyodaka sauti. Lakini nikikupa jibu hilo bila sababu zake, wiki ijayo atatokea mtu mwingine na ushauri wa nne, nawe utazidi kuchanganyikiwa. Kwa hiyo tulipitie jambo hili taratibu, kisha mwishoni nikwambie ningechagua pikapu zipi kama hatimaye utazihitaji.

Nianze na huyo fundi aliyekupimia. Vipimo vyake sina shaka navyo, shida iko kwenye tafsiri. Pikapu za muundo wa Jazz Bass, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1960, kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 7 na 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya kwa umeme). Zako ziko palepale zinapotakiwa kuwa. Namba hiyo inakuthibitishia jambo moja, kwamba waya wa koili, yaani ule uliosukwa ndani ya pikapu, ni mzima. Ungekuwa umekatika, mita isingesoma kitu. Ungekuwa umegusana ndani kwa ndani, ingesoma chini sana. Kuhusu nguvu ya sauti, omu hazisemi mengi, kwa sababu zinategemea urefu wa waya na unene wake kwa pamoja. Suka koili mbili zenye mizunguko sawa, moja kwa waya wa kawaida na nyingine kwa waya mwembamba zaidi: ya pili itasoma omu nyingi zaidi na haitapiga kelele zaidi hata kidogo. Hata hali ya hewa inaingia humo. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo pikapu inayosoma 7.4 kwenye chumba chenye baridi cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 7.75 mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzijoto 32. Haijapata nguvu yoyote, imepata joto tu. Kuchagua pikapu kwa omu ni sawa na kumchagua mwimbaji kwa urefu wa shingo yake.

Ili uweze kupima ushauri wa kila mtu mwenyewe, inafaa ujue kinachofanyika ndani ya kile kiboksi cheusi. Mna sumaku, na kuizunguka umesukwa waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.06, maelfu ya mizunguko. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe sumaku kidogo. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unabadilikabadilika, na badiliko hilo linazalisha umeme. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, ileile inayofanya kazi kwenye jenereta za bwawa la Mtera. Umeme unaotoka ni mdogo mno, na ndio huo unaosafiri kwenye waya mpaka kwenye ampu au miksa.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi: koili haipitishi sauti zote kwa usawa. Koili na waya wa gitaa kwa pamoja huwa chujio. Waya wa mita tano una kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi umeme kidogo) ya pikofaradi 500 hivi. Pikapu yenye induktansi (tabia ya koili ya kupinga badiliko la haraka la umeme) ya henri 3.5, kiasi cha kawaida kwa muundo wako, ikiungwa na waya huo hutoa mlio wake mkubwa kabisa, yaani kilele chake, karibu na Hz 3,500 (mitikisiko 3,500 kwa sekunde). Kupita hapo sauti inaporomoka. Ongeza mizunguko mpaka induktansi ifike henri 7, na kilele hicho kinashuka mpaka karibu Hz 2,500. Hiyo ndiyo gharama ya pikapu za kilo-omu 13. Unapata sauti kubwa na nene zaidi, unapoteza ule ung'avu unaosikika kidole kinapoachia uzi. Na ukubwa wa sauti ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata kwingine, maana kila chaneli ya miksa ina nobu ya kuongeza sauti inayoingia.

Kuhusu sumaku nitakuwa mfupi, kwa sababu mjadala wake ni mkubwa kuliko uzito wake. Alniko ni mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Seramiki ni sumaku ya feraiti, yenye nguvu na bei nafuu. Mara nyingi pikapu ya seramiki ina kipande bapa cha sumaku chini na vijiti vya chuma cha kawaida katikati ya koili, na vile vijiti vya chuma vinapandisha induktansi. Kwa hiyo sauti ambayo watu wanaiita "ya seramiki" kwa sehemu kubwa inatokana na umbo zima la pikapu. Kuna pikapu nzuri sana za seramiki na kuna za alniko zilizosukwa ovyo. Ukimsikia mtu anachagua kwa jina la sumaku peke yake, msikilize kwa heshima kisha endelea na safari yako.

Twende kwenye mvumo, kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo wa swali lako lote.

Koili haijui tofauti kati ya uga wa uzi wa gitaa na uga wa transfoma iliyo karibu nayo. Umeme wetu wa gridi unageuka mara 50 kwa sekunde, na kila adapta, ampu na taa yenye transfoma inautawanya hewani. Koili moja ikiwa peke yake itaudaka. Gitaa lako lina koili mbili, na waliolitengeneza wamezisuka kwa kupingana: moja inazunguka upande huu, nyingine upande ule, na sumaku zake nazo zimegeuzwa. Mvumo unaingia kwenye zote mbili na kufutana. Sauti ya nyuzi, kwa kuwa sumaku zimegeuzwa pamoja na koili, inajumlishana. Ndiyo maana nobu zote zikiwa mwisho kunakuwa kimya, na ukipunguza moja, ule mizani unavunjika na mvumo unarudi. Ulichokieleza si ubovu. Ni dalili kwamba pikapu zako ni nzima na zimeunganishwa inavyotakiwa.

Bado inawezekana una kelele zaidi ya kiasi, na unaweza kulijua hilo ukiwa nyumbani. Punguza nobu moja mpaka mvumo usikike, kisha ugeuke polepole na gitaa lako, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, unaingia kwenye koili kwa njia ya sumaku, na hakuna foili itakayouzuia. Dawa yake ni kukaa mbali na ampu au kuwa na pikapu za koili mbili. Halafu shika nyuzi kwa kiganja. Kama kuna mlio mkali wa kukereza unaokatika ukishika na kurudi ukiachia, huo unaingia kwa njia nyingine, na unapungua sana ukiziba kwa foili ya shaba mashimo yaliyo chini ya pikapu na chini ya nobu. Hakikisha vipande vya foili vimegusana kwa umeme, maana gundi ya baadhi ya foili haipitishi umeme. Weka tone la lehemu kwenye kila maungio, unga foili na waya wa ethi wa gitaa, kisha pima kwa mita kutoka pembe moja hadi nyingine. Foili ya alumini ya jikoni nayo inakinga, ila haishiki lehemu, hivyo waya wake lazima ubanwe kwa skrubu. Na kama gitaa linavuma hata nobu zikiwa zimefungwa kabisa, liache gitaa, kagua waya, jeki na ampu.

Kuna hali moja ambayo haihitaji majaribio. Ukiwahi kuguswa na shoti, hata ndogo, unaposhika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, acha kupiga palepale, chomoa, na usirudie mpaka fundi umeme mwenye leseni akague soketi, ekstensheni na plagi za mitambo yote ya kanisa. Kwenye kumbi na makanisa yetu ni kawaida kukuta plagi ya pini tatu iliyovunjwa ule wa ethi, au ekstensheni yenye waya mbili tu ndani. Atakuja mtu akuambie ukate waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la gitaa (kile chuma kinachoshika nyuzi mwishoni) ili "shoti isikufikie". Usikubali. Hitilafu iko ukutani au kwenye ampu, na kuificha ndani ya gitaa kunamwacha mwimbaji wa pembeni yako kwenye hatari ileile.

Sasa shida yako ya pili. Soma sentensi yako tena: nobu zote unaziacha mwisho ili kukwepa mvumo. Humohumo ndimo sauti yako inamopotelea.

Noti moja ya besi ni mkusanyiko wa mawimbi mengi kwa wakati mmoja. Pikapu zako mbili ziko mbali kwa kama sentimita 9. Kwa baadhi ya mawimbi, uzi ulio juu ya pikapu ya shingoni unapanda wakati ulio juu ya pikapu ya darajani unashuka. Ukizijumlisha pikapu zote kwa nguvu sawa, mawimbi hayo yanauana. Kwa gitaa la urefu wa kawaida wa inchi 34, shimo hilo linaangukia kati ya Hz 300 na 400 kwenye uzi wa E, na kati ya Hz 750 na 950 kwenye uzi wa G. Ukiwa peke yako chumbani sauti hiyo inapendeza: ina uzito chini, ina mng'ao juu, na katikati pametulia. Wapigaji wengi wa kupiga kwa dole gumba wanaitafuta kwa makusudi. Lakini kwenye bendi ni habari nyingine. Uzi wako wa E ukiwa wazi ni Hz 41, na spika za makanisa mengi haziwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu yoyote ya maana. Sikio la muumini linaitambua noti kwa mawimbi ya juu yake, na mengi ya yale yanayohitajika yamo kwenye eneo lilelile ulilolifuta. Linalobaki ni ngurumo bila noti, maneno ya waumini wenu wenyewe. Kwenye sebene ndiyo kabisa. Solo na ridhim wamekaa juu, kinanda kimejaza katikati, ngoma kubwa imeshika chini, na besi inatakiwa kujibizana nao kwa noti zinazotambulika moja moja.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla hujamlipa mtu yeyote, fungua nobu ya pikapu ya shingoni mpaka mwisho na ya darajani ipunguze kwa robo tu, au kinyume chake. Mvumo utarudi kidogo, na ngoma zikianza hautasikika. Punguza kidogo toni kama unataka sauti ya duara zaidi. Mwambie mtu akae katikati ya ukumbi asikilize, maana pale jukwaani unaposimama hapasemi ukweli.

Kisha nakuja kwenye maneno uliyoyataja kwa kupita tu, "nachomeka moja kwa moja kwenye miksa". Kama jeki yako inaingia kwenye tundu la kawaida la laini (Line), naweka dau langu kubwa hapo. Gitaa lisilo na betri linahitaji kuingia mahali pasipolivuta: angalau kilo-omu mia kadhaa, na vizuri zaidi megaomu 1 kama ilivyo kwenye ampu ya besi. Tundu la laini la miksa mara nyingi ni kilo-omu 10 hadi 20. Ukiunganisha pikapu ya kilo-omu 7.4 na henri 3.5 kwenye kilo-omu 10, karibu nusu ya sauti inapotea hapohapo, na kila kilicho juu ya Hz 800 hivi kinaanza kuporomoka. Kile kilele cha Hz 3,500 nilichokueleza kinakufa kabisa. Pikapu yoyote ya kawaida utakayonunua, iwe ya bei gani, itauawa kwa namna hiyohiyo, na zile za kilo-omu 13 zitaumia zaidi kwa sababu induktansi yake ni kubwa.

Dawa ni kisanduku cha DI chenye umeme wake, kinachotumia betri au volti 48 zinazotoka kwenye miksa. Gitaa linaingia upande mmoja, upande wa pili unatoka kwa waya wa maiki kwenda kwenye chaneli ya maiki. Vile visivyo na umeme, vyenye transfoma tu ndani, vinasaidia, lakini kwa gitaa kama lako chukua chenye umeme. Kabla ya kununua, kagua kwanza miksa yenu: baadhi zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z au Inst kwenye chaneli ya kwanza au ya pili. Kama kipo, kibonyeze, umemaliza bila kutoa shilingi. Muulize fundi mitambo wenu. Pengine hajui kwamba unakihitaji kwa sababu hujawahi kumwambia.

Fedha inayofuata iende kwenye nyuzi. Nyuzi zilizokaa miezi na jasho, hasa mkiwa pwani ambako hewa ina chumvi, hazina tena yale mawimbi ya juu ambayo pikapu ingeyadaka. Najua wengi tunazichemsha. Kuchemsha kunatoa mafuta na uchafu, kunarudisha uhai kwa muda mfupi, na hakuna ubaya ukizikausha vizuri kabla ya kuzirudisha. Ila kutu na uchovu wa chuma havichemki. Usipime pikapu mpya wala ya zamani ukiwa na nyuzi zilizokufa.

Na urefu wa pikapu kutoka kwenye nyuzi: kazi ya bisibisi na dakika chache, na hubadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho kabisa, upande wa pikapu, kisha pima pengo kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Anza na milimita 2.5 hadi 3 kwa E, na 2 hivi kwa G. Pikapu ya darajani ipandishe kidogo kuliko ya shingoni, kwa kuwa pale uzi unatikisika kwa kiasi kidogo. Ukisogeza karibu sana, sumaku zinauvuta uzi, noti zinayumba na kufa haraka, hasa ukipiga juu kwenye shingo. Kama pikapu hazipandi hata ukilegeza skrubu, sponji iliyo chini yake imelala. Weka kipande kipya.

Tuseme umefanya yote hayo, bendi inakusikia, na bado unataka kupiga na pikapu moja bila mvumo kwa sababu kazi za harusi zinakuweka kwenye kumbi zenye umeme mchafu. Hapo sasa unayo sababu halali ya kununua, na ningekushauri ununue seti ya Jazz isiyovuma: pikapu yenye umbo lilelile la nje, ndani ina koili mbili. Zipo za aina mbili. Kwenye aina moja koili zimepandana, moja juu ya nyingine; ya chini kazi yake ni kudaka mvumo tu ili uufute. Zinabaki na tabia ya koili moja kwa kiasi kizuri, lakini kuna ung'avu fulani unapungua, na zinahitaji shimo lenye kina cha kutosha. Kwenye aina nyingine koili zimepangwa mwanzo mwisho, moja inahudumia nyuzi za E na A, nyingine D na G. Mimi huipenda hii ya pili kwa wapigaji wa kanisani na dansi, kwa sababu sauti yake ina nyama zaidi katikati na haipotezi nguvu kwa koili isiyosikia nyuzi. Pande zote mbili nunua seti kamili ya shingoni na darajani kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Ukichanganya pikapu moja mpya na moja ya zamani, inaweza kutokea zikapingana: ukifungua zote mbili sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo. Hilo linarekebishika kwa kubadilisha waya mbili za pikapu moja, lakini mvumo nao unaweza kukataa kufutana.

Kuhusu bei nitakuwa mkweli. Seti isiyovuma ya mtengenezaji mwenye jina, ikishalipiwa usafiri na ushuru, inaweza kupita laki mbili na nusu. Za bei ya chini zipo, na nyingine ni nzuri, ila kwa bajeti yako seti ya bei ya chini kabisa haitakupa kitu ambacho ulizonazo hazikupi. Afadhali usubiri.

Kabla ya kuagiza, pima. Kwenye Jazz nyingi pikapu ya shingoni ni fupi kuliko ya darajani kwa kama milimita 3, lakini magitaa mengi ya bei nafuu yana mbili zilizolingana. Fungua nyuzi, toa pikapu zote, pima urefu, upana na kina cha shimo kwa milimita, uandike. Angalia pia kama nyuzi zinapita juu ya vichwa vya sumaku au pembeni. Pikapu isiyoingia kwenye shimo lake ni fedha iliyolala kabatini.

Za betri? Pikapu za namna ya zile za kampuni ya EMG zina kikuza sauti kidogo ndani yake, zinatumia betri ya volti 9, hazivumi, hazijali urefu wa waya, na zingestahimili hata lile tundu la laini la miksa. Ni chaguo la kweli, silidharau. Lakini zinahitaji nobu zake za kilo-omu 25 badala ya 250 ulizonazo, jeki ya stereo na mahali pa kukaa betri, na betri inaliwa kila wakati waya ukiwa umechomekwa. Ukiwa na mazoea ya kusahau kuchomoa, siku moja utakuta betri imekwisha. Kama wewe si mtu wa kubeba betri ya akiba kwenye mfuko wa gitaa, baki na zisizo na betri, ukuzaji uufanye nje kwa DI.

Kulehemu unaweza kujifunza. Piga picha ya waya zote kabla hujagusa kitu. Pasi ndogo ya wati 15 haitoshi kwa mgongo wa nobu; utaishikilia pale mpaka uikaange nobu yenyewe huku lehemu haijashika. Tumia ya wati 40 au zaidi yenye ncha pana, gusa, yeyusha, ondoa. Kama hujawahi kulehemu, mpe fundi redio unayemwamini picha yako na mchoro unaokuja na pikapu. Kazi ya kuchimba mbao ni ya fundi wa magitaa mwenye vifaa, si ya patasi ya seremala wa mtaani.

Na hapo ndipo linapoingia swali lako la mwisho. Pikapu ya Precision, ile iliyogawanyika vipande viwili ambayo Fender waliianza mwaka 1957, haivumi kwa asili yake, na ina ile sauti ya katikati unayoikosa. Ingekufaa. Lakini haiingii kwenye shimo la Jazz: lazima bodi ichimbwe, bamba la mbele likatwe au libadilishwe, na ukikosea kipimo hakuna kurudi nyuma. Tena sauti yake inatokana sana na mahali inapokaa chini ya nyuzi, na kwenye gitaa lako mahali hapo pako katikati ya pikapu zako mbili, karibu zaidi na ya shingoni. Kwa gharama ya kuchimba, pikapu yenyewe na bamba jipya, utakuwa umekaribia bei ya gitaa la Precision lililotumika, na Jazz yako ingebaki nzima. Ukilikuta la namna hiyo, nenda na waya wako na simu yenye tochi, omba kufungua bamba uone lehemu za ndani kabla ya kulipa.